Tamaa za mwili: tuzikimbie, tuzipinge au tuzifishe?

#1 Mpanda Mbegu
Salamu wapendwa. Nimekuwa nikisoma Agano Jipya nikitafuta amri moja iliyo wazi juu ya namna Mkristo anavyopaswa kushughulika na tamaa, na badala ya moja nimekuta tatu ambazo hazifanani. Paulo anawaambia Wakorintho, "Ikimbieni zinaa" (1 Kor 6:18), na Timotheo naye anaambiwa azikimbie tamaa za ujanani (2 Tim 2:22). Yakobo anasema, "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia" (4:7), kwa hiyo hapo anayekimbia ni adui, si sisi. Kisha Wakolosai wanaagizwa, "vifisheni viungo vyenu vilivyo katika nchi" (3:5), jambo ambalo si kukimbia wala kusimama, ni kuua.

Dai langu ni kwamba wengi wetu tumekwama kwenye amri ya kwanza. Tunafuta programu kwenye simu, tunabadili njia ya kurudi nyumbani, tunaachana na marafiki fulani, halafu tunayaita hayo ushindi, ilhali tamaa iko pale pale na kilichopungua ni nafasi yake tu. Je, aliyekimbia ameshinda?

#2 Nanga
Ndugu Mpanda Mbegu, swali ni zuri, ila dai lako limemwonea Yusufu. Aliliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa akatoka nje (Mwa 39:12), na sijamsikia mhubiri hata mmoja akisema kwamba alishindwa. Daudi hakukimbia, alibaki juu ya dari akitazama (2 Sam 11), na yaliyofuata tunayajua sote. Kwa tamaa zinazopitia machoni, kusimama ili upime nguvu zako ni kiburi kinachojiita imani.

#3 Binti Sayuni
Nanga, rudi mistari miwili nyuma. Mstari wa 10 unasema mwanamke yule alizungumza na Yusufu siku baada ya siku, naye hakumsikiliza, na mstari wa 9 unatoa sababu yake: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" Mbio zilikuja mwisho kabisa, aliposhikwa nguo. Aliyekimbia siku ile alikuwa amekwisha kukataa mara nyingi akiwa amesimama.

Tena alikuwa mtumwa, hakuwa na uwezo wa kuhama nyumba. Nami niko karibu na hali hiyo, kwa sababu kazi yangu inaniweka kutwa nzima mbele ya kile kile kinachonishinda, na siwezi kuikimbia bila kukosa riziki. Ningependa kuwasikia wasioweza kukimbia, maana ushauri wa kukimbia huwa unatolewa na wenye mlango.

#4 Msomaji wa Usiku
Dada Binti Sayuni amegusa jambo ambalo wamonaki wa kale walilijua kwa uchungu. Evagrius Ponticus, aliyefariki mwaka 399, alikuwa shemasi mwenye sifa kubwa huko Konstantinopoli alipojikuta amezama katika mapenzi na mke wa mtu mwenye cheo. Mwanafunzi wake Palladius anasimulia kwamba alipanda meli akatoroka, akafika Yerusalemu, akarudia maisha ya kujipamba na kujionyesha, akaugua, na hatimaye akaenda kuishi jangwani Misri. Huyu aliitii amri ya kukimbia kwa ukamilifu ambao wachache miongoni mwetu tungeuweza. Hata hivyo huko jangwani, pasipo karamu wala mke wa mtu, mawazo yale yale yalimfuata, na Palladius anasema kwamba usiku mmoja wa baridi alisimama uchi ndani ya kisima ili kuyazima.

Nadhani ndiyo sababu maandishi yake hayashughuliki sana na vitu. Yanashughulika na mawazo. Aliyataja manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutafuta sifa na kiburi. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Tumbo liko mlangoni, na kiburi kinamngoja yule aliyekwisha kupita mahali pengine pote. Alikusanya pia maneno ya Maandiko ya kujibia kila wazo, akimfuata Yesu ambaye hakuondoka jangwani alipojaribiwa na hakunyamaza. Kwa maoni yangu hapo ndipo amri mbili za kwanza za mleta mada zinapoachana: kitu unaweza kukikimbia, lakini wazo lililokuja nawe ndani ya meli halikimbiliki, ni lazima lijibiwe.

#5 Kinanda
Ahsante kwa historia, mkuu, lakini dhambi za mauti ni saba, si nane, na zimeandikwa katika Mithali sura ya 6. Hao wa jangwani waliongeza moja kwa mamlaka ya nani?

#6 Msomaji wa Usiku
Mithali 6:16-19 inataja saba kweli, lakini zisome: macho ya kiburi, ulimi wa uongo, mikono imwagayo damu isiyo na hatia, moyo uwazao mabaya, miguu inayokimbilia maovu, shahidi wa uongo, na apandaye fitina kati ya ndugu. Ulafi haumo, wala uasherati. Orodha ya saba iliyozoeleka ilitoka kwenye ile ya nane: mmonaki John Cassian aliipeleka kwa Wakristo wa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 5, na Papa Gregory Mkuu akaipanga upya mwishoni mwa karne ya 6, akaingiza wivu na kukifanya kiburi kuwa mzizi wa zote.

#7 Kinanda
Kumbe ulafi haumo katika Mithali! Basi leo nitakula kwa amani.

#8 Nanga
Haumo katika sura ya 6 tu. Kabla hujanawa mikono, pitia 23:20-21.

#9 Shuhuda
Mnabishana sana juu ya mbinu. Mimi nilikuwa mlevi kwa miaka mingi, niliwahi kuwakimbia wanywaji wenzangu, niliwahi kukemea pepo wa pombe hadi sauti ikakauka, na vyote havikunifaa. Siku moja niliombewa, kiu ile ikaondoka, na haijarudi. Sikukimbia, sikupinga wala sikufisha chochote, nilifanyiwa. Kwa hiyo kwangu neno ni neema basi, na anayetaka kuacha pombe amwamini Mungu, amwage chupa zote leo hii, asiangalie nyuma.

#10 Tabibu Mstaafu
Ndugu Shuhuda, namshukuru Mungu pamoja nawe, na ushuhuda wako siupingi. Lakini sentensi yako ya mwisho inaweza kumdhuru msomaji. Mtu ambaye amekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, mwili wake ambao umekwisha kuizoea unaweza kuingia katika hali ya hatari ndani ya siku chache za kwanza: kutetemeka, jasho, degedege, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo yaweza kuua. Mtu huyo aombewe, na aiache pombe chini ya uangalizi wa hospitali. Kumpeleka huko si kupungukiwa na imani.

Niongeze kwamba ninyi nyote mnaizungumzia tamaa kana kwamba haina mwili. Mtu asiyelala vya kutosha huongezeka njaa na hupungua uwezo wa kujizuia. Wagonjwa wengi walioniambia kwamba "wameanguka" walianguka usiku sana, wakiwa wamechoka, peke yao. Sisemi kwamba dhambi ni uchovu. Ninachosema ni kwamba Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena, na mazungumzo na Mungu yakaja baadaye (1 Fal 19).

#11 Shuhuda
Daktari, nimekusikia kuhusu hospitali. Ila mkiendelea hivi mtamfanya Shetani kuwa ugonjwa wa usingizi.

#12 Mama Upendo
Wanangu, amani kwenu. Mimi nitasema juu ya kufunga, kwa kuwa naona wengi mnakuelekea kama dawa. Nilikuwa mtu wa kufunga sana. Tumbo nililiweza, mavazi nikayaweza, hata marashi nikaacha. Nyumbani kwangu watoto walianza kuziogopa siku zangu za kufunga, kwa sababu siku hizo nilikuwa mkali kuliko siku zote, na aliyechelewa kidogo kutumwa alikiona. Binti yangu mkubwa ndiye aliyeniuliza kama Mungu anafurahi mama anapofunga, kwa maana wao hawafurahi. Nikamkemea, kisha usiku nikafungua Isaya 58 na kukuta watu waliokuwa wakifunga wapate kushindana na kugombana, na kupiga kwa ngumi ya uovu.

Paulo anasema waziwazi juu ya amri za "msishike, msionje, msiguse", kwamba zinaonekana kuwa na hekima katika kuutawala mwili kwa ukali, lakini hazifai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili (Kol 2:20-23). Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi nikidhani unawahusu watu wa dini nyingine.

#13 Nanga
Shikamoo Mama. Maneno yako ni mazito, ila tusilitupe jambo lenyewe. Paulo huyo huyo alisema, "nautesa mwili wangu na kuutumikisha" (1 Kor 9:27), na Bwana alisema kwamba bwana arusi akiondolewa ndipo wanafunzi watakapofunga (Mt 9:15). Kilichokuwa kibaya ni hasira, si kufunga.

#14 Mama Upendo
Marahaba mwanangu. Hasira haikuja na chakula ikaondoka na chakula. Ilikuwepo, nami nilikuwa nimeificha kwa kushiba. Kufunga kuliitoa nje. Kwa hiyo sikuacha kufunga. Nilipunguza, na niliacha kujisifu kwamba nimeshinda kitu.

#15 Kinanda
Hilo la Mama limenikumbusha Augustino, ambaye hata akiwa askofu mzee aliomba apewe usafi wa moyo, "lakini si sasa hivi". Kama yeye alishindwa, sisi ni nani?

#16 Mwanafunzi Mkongwe
Kinanda, sala hiyo Augustino anasema aliiomba akiwa kijana, miaka mingi kabla ya kuongoka kwake mwaka 386 katika bustani huko Milano, alipofungua Waraka kwa Warumi na kukutana na maneno "wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake" (13:14). Aliiandika baadaye akiwa askofu, akiutazama ujana wake kwa aibu. Ukitaka kumsikia askofu, soma kitabu cha kumi cha maungamo yake. Watu wengi huishia bustanini, kwenye machozi na ushindi, na hawafiki huko.

Katika kitabu hicho anajipima kwa 1 Yohana 2:16: tamaa ya mwili, tamaa ya macho na kiburi cha uzima. Juu ya chakula anasema kwamba amejifunza kukichukua kama dawa, lakini katika kupita kutoka njaa kwenda shibe ndipo mtego ulipo, kwa sababu kupita kwenyewe ni raha, na hajui tena ni wakati gani afya inadai na ni wakati gani raha inajificha nyuma ya afya. Anakiri kwamba picha za zamani bado zinamjia ndotoni. Anajiuliza kama anaupenda uimbaji wa zaburi kuliko maneno yanayoimbwa. Na anapofika kwenye kupenda kusifiwa anakwama kabisa, kwa kuwa chakula mtu anaweza kukipunguza ili ajipime, lakini ili ajipime kama anapenda sifa, je, aishi vibaya makusudi ili asisifiwe?

Hayo aliyaandika zaidi ya miaka kumi baada ya Milano. Kwa hiyo, Mpanda Mbegu, kama "kufisha" maana yake ni kwamba tamaa haitarudi kamwe, Augustino hakufika huko, na hakudai kwamba amefika.

#17 Kijana wa Kwaya
Naomba kuuliza bila kuchekwa. Mimi sijaoa, na vita yangu mnaijua hata nisipoitaja. Paulo anasema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa (1 Kor 7:9). Je, hili si jibu rahisi kuliko hayo yote, yaani nivumilie hadi nitakapooa, kisha mambo yaishe?

#18 Baba wa Nyumba
Kijana, hakuna atakayekucheka, ila walio ndani ya ndoa wametabasamu. Mlango wa 7 hauishii mstari wa 9. Mstari wa 5 unawaonya waliooana, Shetani asije akawajaribu kwa kutokuwa na kiasi kwao, maana yake kiasi kinatakiwa hata chumbani mwao. Daudi hakupungukiwa na wake alipotazama kutoka darini. Ndoa inaipa tamaa mahali pake halali, lakini haimfundishi kutii mtu ambaye hakuwa amejifunza kumwambia mwili wake "hapana". Mimi niliingia na tabia niliyodhani nimeiacha mlangoni, na aliyelipa gharama yake ni mke wangu. Anza sasa, ili utakayemwoa asiwe dawa yako.

#19 Shuhuda
Mwacheni kijana aoe! Mtamtisha hadi aende jangwani kwa Evagrius.

#20 Mwanafunzi Mkongwe
Na kweli kuna waliopitiliza, hata nje ya jangwa. Eusebius, mwanahistoria wa kanisa la kale, anasimulia kwamba mwalimu maarufu Origen, akiwa kijana, alilichukua neno la Mt 19:12 juu ya matowashi kwa ufalme wa mbinguni kama lilivyo na kujihasi. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325 uliweka katika kanuni yake ya kwanza kabisa kwamba aliyejihasi akiwa mzima wa afya hafai kuwa kasisi. Katika karne hiyo hiyo mtaguso wa Gangra uliwalaani waliodharau ndoa na waliowahukumu watu wanaokula nyama kana kwamba hawana tumaini la wokovu, sawasawa na onyo la 1 Tim 4:3. Tunalikumbuka kanisa la kale kama kanisa la kujinyima tu, tukisahau kwamba lililazimika pia kuutetea mwili dhidi ya Wakristo wenye bidii.

Angalieni tena orodha ya Gal 5:19-21. Baada ya uasherati, uchafu na ufisadi, Paulo anataja uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka. Mambo hayo mtu anaweza kuyatenda akiwa na tumbo tupu na akiwa bikira. Tukiwa na vita na mwili wa kula na kulala peke yake, karibu nusu ya orodha imetupita.

#21 Binti Sayuni
Mimi hunisaidia Hesabu 11. Waisraeli wana mana, hawana njaa, lakini wanalia, "Twakumbuka samaki tuliokula huko Misri bure", kisha wanataja matango, matikiti, mboga, vitunguu na vitunguu saumu. Bure! Walikuwa watumwa wa kufyatua matofali, wakapokonywa watoto wao wa kiume, na bado kumbukumbu iliyobaki ni ya samaki wasiolipiwa. Tamaa inaandika upya historia ya mtu. Ninapovutwa na jambo nililoliacha, huwa sivutwi nalo kama lilivyokuwa; navutwa na picha iliyosafishwa, isiyo na asubuhi yake. Kwa hiyo mazoezi yangu kazini, pale nisipoweza kuondoka, ni kukumbuka yote, pamoja na matofali. Sijui mtayaweka chini ya amri gani kati ya tatu za mleta mada.

#22 Mpanda Mbegu
Nashukuru wote. Nimemwelewa Msomaji wa Usiku kwamba kitu hukimbiwa na wazo hujibiwa, nikamwelewa Mama kwamba kilichoonekana kufa huenda kilikuwa kimejificha. Lakini bado sijashibishwa kuhusu kufisha. Rum 8:13 inasema, "kama mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho, mtaishi." Hapo tunaambiwa tufanye, na papo hapo tunaambiwa ni kwa Roho. Shuhuda anasema hakufanya lolote. Tabibu anatuambia tulale mapema. Augustino hakumaliza. Sioni namna ya kuyaweka haya pamoja.

#23 Nanga
Yaweke pamoja ya nini? Kuna waliofunguliwa mara moja, kuna wanaokwenda hatua kwa hatua hadi kaburini, na Mungu hakumwomba yeyote wetu atunge kanuni. Msimamo wangu uko pale pale: ukiweza kuondoka, ondoka.

#24 Msomaji wa Usiku
Nanga, ukiondoka acha kitu mahali pake. Pepo mchafu wa Mt 12:43-45 aliikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akarudi na wengine saba. Aliyeifagia alifanya kazi nzuri sana.

#25 Kijana wa Kwaya
Naona hakuna aliyegusa Yak 5:16, kuungamiana dhambi. Niliwahi kuliweka jambo langu mbele ya kikundi cha maombi, na kufikia wiki iliyofuata lilikuwa limegeuka "ombi" midomoni mwa watu nisiowajua. Tangu hapo napigana kimya, na kimya ndicho kinachonimaliza. Nimwambie nani?

#26 Mama Upendo
Pole mwanangu, walikukosea. Usirudi kwa kikundi. Tafuta mtu mmoja, mwanamume mwenzako aliyekuzidi umri, ambaye umemwona mwenyewe akitunza siri ya mtu mwingine. Usianze na yote. Mwambie jambo dogo, ungoje uone limefika wapi. Lisipotoka kwake, mwambie kubwa, na mkubaliane kwamba atakuuliza bila wewe kumkumbusha, hasa zile saa za usiku alizozitaja Daktari. Kama katika kanisa lako kuna kasisi anayepokea maungamo chini ya siri, nenda kwake pia.

#27 Baba wa Nyumba
Na akikuambia kwamba yeye hajawahi kuwa na vita hiyo, mshukuru kwa heshima, kisha tafuta mwingine.